Mtu Akigonga Mkeka

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi hii haikisumbui sana kiwiko chako. Mimi sina ugonjwa, ila tangu Jumanne nina hasira isiyopoa.

Nilishakusimulia habari za Shangazi, yule mama wa masjala ambaye ofisi nzima humwita hivyo, aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini, akanionyesha hata kiti kisichoyumba. Siku hiyo ya Jumanne mkuu wetu alimwita mbele ya foleni nzima ya wateja, akasema amepoteza jalada. Shangazi akajibu kwa adabu kwamba halikupotelea mikononi mwake. Akaamriwa aombe radhi. Akaomba, ili yaishe. Akaambiwa hajasikika, arudie. Akarudia. Mara ya tatu alikuwa ameshikilia meza kwa mikono miwili, na mkuu bado anamuuliza kama amemeza ulimi. Kisha akamsimamisha kazi, akatugeukia na kutuambia kwamba hiyo ndiyo nidhamu, aliyoipata enzi zake za mkanda mweusi. Shangazi aliwahi kutunong'oneza kwamba mkanda pekee aliouona kwake ni ule unaozuia tumbo, na huo nao umeshaomba likizo. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nidhamu gani hiyo, dada? Wewe ulinifundisha judo, na kabla hujanionyesha hata namna ya kushika ulinipa sheria moja: mtu akigonga mkeka, yaani amekubali kushindwa, mwachie papo hapo, hata kama umebakiza kidogo ushinde. Shangazi aligonga mara tatu.

Na jalada lile nililipeleka mimi kwa mikono yangu. Limo kwenye droo ya mkuu. Nilisimama pale kimya kama gogo, na baadaye wenzangu wakanisifu kwamba nimejizuia kama mwanamichezo. Sikujizuia. Niliogopa.

Kesho kamati ya nidhamu inamsikiliza Shangazi. Mkuu ameniambia kwa upole kwamba karani mwenye akili husahau mengi. Nitasema jalada lilipo. Nikifukuzwa, nitaanguka ulivyonifundisha, ulipokuwa ukinikemea "Kidevu!" hadi likawa jina langu: kidevu kifuani, mkono upige chini, kisha inuka.

Lakini siwezi kumnyooshea mkuu kidole kabla sijakwambia hili. Siku kiwiko chako kilipovunjika tukishindana, ulimwambia mama kwamba sikuhisi ukigonga, nami nikaitikia. Nilihisi, dada. Mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Sikuwa nimekushinda hata siku moja, na watu walikuwa wanatazama. Miaka minne umenitetea kwa mkono usionyooka.

Usinisamehe haraka. Barua hii nitaiweka posta asubuhi, kabla ya kuingia kwenye kamati, ili nisipate pa kurudia nyuma.

Nisalimie mama, na umweleze yote ukiona inafaa. Wape mkono wote wa ukumbi wa judo.

Mdogo wako,
Kidevu