Nyufa za Picha ya Gunia

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Matulo tu wazima. Simu ya mjomba wako haina chaji, ndiyo sababu naandika. Unauliza kama ubandue kwa kisu ule mchanga na gundi vilivyopasuka kwenye picha unayoichora juu ya gunia.

Nilipoolewa nilikandika nyumba yetu kwa udongo, mama mkwe aje aikague. Siku hiyo nikaamka, ukuta wote nyufa! Nikainua jembe niubomoe kabla hajafika. Akanikuta hivyo. Alipitisha vidole kwenye nyufa, polepole.

“Weka chini hilo jembe. Kama hakuna nyufa, udongo wa pili utashika wapi?”

Ukuta huo ndio ninaouegemea nikiandika. Hicho kisu ulichoshika, Nekesa, kiweke chini.

Kukhu wako