Sombe ya Siku ya Pili

Jumatano, 6 Novemba

Jana tumemzika Kambo Martine. Mvua! Matope mpaka kwenye viatu vya pasta. Kambo ndiye mama mzaa baba, ndiye aliyenilea, na leo nyumba yake hapa Kampemba imejaa watu na hakuna hata mmoja anayejua kisu chake kinakaa wapi.

Nataka kuandika kabla sijasahau. Wajukuu tulizuia jeneza mlangoni, kama desturi. Mjukuu ni kama mke au mume wa marehemu, ana ruhusa ya kutania na kusema lolote. Nilivaa kitambaa cha Kambo cha kichwani na kikwembe chake cha kijani. Nikakaa kwenye kiti chake kile kinachotazama barabara, nikaita kwa sauti yake:

— Adrien! Sombe inapoa! Mutoto wangu eko njiani, eko njiani tangu mwaka jana!

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Papa Adrien naye alicheka. Ni kaka mkubwa wa baba, anakaa kule Golf, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba ya ghorofa, na ndiye aliyelipia jeneza na mahema. Akatoa faini yake ya bia kama inavyotakiwa, tukaliacha jeneza lipite. Alicheka, nilimwona kwa macho yangu. Meno tu, lakini alicheka.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeandika kwenye blogu.

Blogu yangu, Masufuria ya Kampemba, ni ya mapishi tu tangu niianze. Ugali wetu wa bukari, samaki wa thomson, uyoga wakati wa mvua. Watu wanachokipenda kuliko vyote ni «Sombe ya Siku ya Pili», sombe yetu ya majani ya muhogo, iliyolala usiku mmoja halafu ikapashwa moto na karanga. Wananiandikia mpaka kutoka Ubelgiji. Ufundi gani huu, dada! Siri yako nini?

Leo nimewaambia siri. Kila Jumapili Papa Adrien alipiga simu: Mama, nakuja kula kwako baada ya ibada. Kila Jumapili Kambo alitwanga sombe, na mgongo wake ule. Papa Adrien haji. Jioni anapiga tena: wiki ijayo, Mama. Na Kambo anatukataza kugusa sufuria — labda atachelewa tu, labda yuko njiani. Ndiyo maana tulikula Jumatatu. Ndiyo maana ni ya siku ya pili.

Nimeirusha. Nimelala kidogo mchana, mara ya kwanza tangu msiba.

Jumamosi, 9 Novemba

Komantere za wasomaji! Nusu wanalia na mimi, nusu wananitukana.

Mama mmoja wa Likasi: nilikuja hapa kutafuta mboga, usiniletee ugomvi wa ukoo wako. Mwingine: blogu ya mapishi ibaki ya mapishi, mtu ashike mada moja. Mwingine — huyu ningemkuta barabarani! — anauliza kipimo cha karanga ni vikombe vingapi. Udongo wa Kambo bado haujakauka, mtu anauliza vikombe!

Nikamwita Rehema. Rafiki yangu, jirani, familia yao ni ya Maniema, ana duka la chumvi na sabuni pale kwenye kona, na picha zote za blogu anapiga yeye. Nilidhani atakuwa upande wangu. Wapi!

— Dada, blogu iko sawa na duka. Muntu anakuya kutafuta chumvi, weye unamupatia misumari?

Nikamwambia blogu yangu si duka, ni jiko. Nani amewahi kukaa jikoni na wanawake akasikia wanaongea chumvi peke yake? Jikoni tunasema ndoa, ugonjwa, nani amezaa, nani amefukuzwa. Chakula kinaiva katikati ya maneno hayo.

Akafikiri. Halafu akasema:

— Ni kweli. Lakini jiko iko na mulango. Yako umeifungulia dunia yote.

Nimekasirika zaidi. Hata chai nilimpa ya baridi.

Jumapili, 10 Novemba

Kikao cha ukoo. Juu yangu!

Simu ya Papa Adrien ilizungushwa mkono kwa mkono, wazee wakivaa miwani kusoma blogu yangu kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Ilipomrudia mwenyewe, akaanza:

— Syntiche, weye uko mupishi ao journaliste? Mu telefone yako andika chakula. Chakula! Mambo ya nyumba ibakie mu nyumba.

Nikasema: Papa, si nilisema maneno yale yale mbele ya jeneza? Ulicheka. Ulitoa na bia.

Akageukia pembeni. Baba yangu ndiye aliyejibu, Baba Pierre, mtu ambaye huwa hafungui mdomo mbele ya kaka yake.

— Mutoto wangu, ruhusa ya bajukulu inaishiaka pa kaburi. Bakisha kutupa udongo, kinywa inafunga. Maneno ile haurudiliake tena.

Hivyo. Ningesema hata mabaya zaidi Jumanne, ingekuwa utani. Alhamisi, maneno yale yale ni matusi! Nilidhani ruhusa ni ruhusa. Hakuna aliyeniambia ina mwisho, na sasa wote wanajifanya walizaliwa wanajua.

Uamuzi: niondoe lile andiko, nibaki kwenye mapishi. La sivyo, siku ya kumaliza kilio nisikanyage nyumbani kwa Kambo. Na wanajua vizuri sana walikonishika. Kambo alisema mbele yao wote, akiwa bado na nguvu: sufuria ya mwisho, siku mtakapomaliza kilio changu, atapika Syntiche, kwenye jiko langu. Nisipokuwepo watakodi wapishi wa mjini, walete wali na kuku kwenye masahani ya plastiki. Kwenye kilio cha Kambo!

Jumanne, 12 Novemba

Nimelifuta.

Nimeunguza bukari. Nimemgombeza mbuzi wa jirani. Sitaki kuongea na mtu.

Alhamisi, 14 Novemba

Wanataka mapishi? Watapata mapishi.

Nimeandika asubuhi yote. Hakuna jina la mtu, hakuna tusi. Mada moja, kama walivyoagiza. Nanakili hapa:

«Sombe ya Siku ya Pili. Chuma majani Jumapili alfajiri, yakiwa na umande. Twanga mwenyewe hata kama mgongo unauma, mashine haifai. Chemsha muda mrefu. Muda huo unatosha gari kutoka Golf mpaka Kampemba na kurudi, hata barabara ikiwa mbaya. Weka sahani moja nzuri mezani, ifunike kwa kitambaa. Sogeza kiti mlangoni. Sombe ikipoa, pasha. Ikipoa tena, pasha tena. Usionje. Giza likiingia funika sufuria, ondoa sahani, wala usiseme kitu mbele ya watoto. Kabla ya karanga kuna kitu kimoja Kambo alikuwa anatia. Sikiandiki hapa. Kila aliyekaa naye jikoni anakijua.»

Basi. Nimeirusha. Nina hasira, na njaa pia, sijala tangu jana.

Jumamosi, 16 Novemba

Mwenye vikombe amerudi! Anasema asante sana, hii sasa ndiyo blogu tunayoitaka, mapishi safi, endelea hivyo hivyo, usitoke kwenye mada. Rehema amecheka mpaka ameketi chini kwenye mifuko yake ya chumvi. Mimi sikucheka. Watu wanasoma kwa tumbo.

Lakini yule mama wa Likasi ameandika mstari mmoja: nimempigia mama yangu, nakwenda kesho. Huyo nimemsamehe.

Baba amesoma mara mbili, akanirudishia simu. Anasema hajaona tusi ndani, ni chakula tu. Halafu akabaki anasugua miwani ambayo haikuwa na kitu.



Jumamosi, 30 Novemba

Naandika haraka, karatasi juu ya goti, chumbani kwa Kambo, mlango nimeufunga. Leo tunamaliza kilio. Sombe iko motoni huko nje.

Waliniita nije, hawakuwa na sababu ya kunizuia. Nimetwanga tangu alfajiri. Wake wa ukoo walipita na kunisalimia kwa midomo ya kubana, wakaenda kukaa kwenye hema. Sawa. Nimekuja kumpikia Kambo, sikuja kuwapikia wao urafiki.

Sasa hivi Papa Adrien amekuja jikoni. Peke yake! Shati jeupe, viatu vya mjini, moshi unampiga machoni. Nikajiandaa, maneno yote ninayo mdomoni tangu kikao kile. Hakunitazama. Akavuta kiti cha Kambo, kile cha kutazama barabara, akakigeuza kielekee sufuria, akakaa. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:

— Ile recette ya sombe, nilisoma. Mbele ya karanga... Mama alikuwa anatiyamo nini?

Mtoto wake wa kwanza! Mwenye ghorofa! Ananiuliza mimi.

Nikasema tu: ngoja kidogo, Papa. Nikaingia humu.

Chupa ya kitu hicho iko chini ya kitanda, pale pale alipoiacha. Maji ya majivu, majivu ya maganda ya ndizi aliyokausha mwenyewe, akayachuja kwa kitambaa. Imebaki robo. Inatosha sufuria moja. Ninayo mkononi.

Kupitia dirishani namwona. Hajaondoka. Kuna watu wawili wamekuja kumwita hemani, pasta anataka kuanza maombi, amewapungia mkono waende. Ameshika mwiko, anakoroga vibaya, anakoroga kama mtu anayechanganya simenti. Kila kidogo anatazama mlango huu.

— Syntiche? Inaanza kukauka.

Nimesikia. Bado nimekaa kitandani kwa Kambo. Ajue kidogo inavyokuwa, kutazama mlango.

Anaita tena —