Boriti Niliyokataa Kuigongea Alama

Mjukuu wangu Zaituni, amahoro. Mguu wa bibi yako umepona, anakusalimu kutoka Rumonge.

Unauliza kwa nini nilifukuzwa kazi kwenye atelie, ile karakana ya vyuma, mwaka 1972. Mengine ya mwaka ule tuyaache. Patron, bosi wetu, aliharakisha boriti ya chuma ya daraja, tukaichomelea upande mmoja tu. Ilipopoa ikapinda. Wenzangu wakainyoosha kwa nyundo, wakaipaka rangi.

"Iko sawa. Gonga alama yako," Patron akaniambia, maana kila fundi aligonga yake kuthibitisha kazi ni nzima.

Nikaikata kidogo kwa msumeno kuijaribu. Chuma kikajivuta, kikaubana msumeno mpaka ukavunjika.

"Patron, hii imenyamaza tu, ndani inavutana. Sigongi!"

Akanifukuza palepale. Nikatembea mpaka Magara nikicheka peke yangu, kigongeo cha alama mfukoni. Sasa nawe ni fundi, nakutumia kigongeo hicho. Mtu asikuamrishe pa kukigonga.

Babu yako