Taa ya Kijani na Mizani ya Mombo

KITUO CHA POLISI LUSHOTO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sheshe Ramadhani. Umri: miaka 44. Elimu: darasa la sita, mengine nimesomea barabarani hadi Lusaka. Kazi: msambazaji wa programu za mizani, zamani dalali wa matunda. Makazi: Magamba.

Kazini kwetu, nyuma ya soko, fundi mkuu ni Mwanaheri, huyu aliyemo mahabusu. Yeye huandika programu za mizani za wanunuzi wa mboga. Toleo jipya likikamilika, mimi hulitia kwenye diski nikashuka nalo Mombo. Kwa hiyo mtambo wa kusambaza nilikuwa mimi, tena unaokula ugali.

Machi 2005 Mwanaheri aliamua tuhamie mtambo wa kompyuta unaounganisha programu, kuijaribu na kuituma wenyewe kwa njia ya simu. Tukafunga miwili tuilinganishe. Wa kwanza wa bure, mzito, kila mara unawasha taa nyekundu ya kosa, una gubu kama wifi. Wa pili aliuleta Yohane, muuzaji kutoka Dar es Salaam. Huo kijani tu, asubuhi hadi jioni.

Wenzangu waliupenda. Mimi ulinitia shaka. Tenga la pichesi lisilo na bovu hata moja sijaliona, na nimepindua mengi. Nikamwambia Yohane hivyo. Akacheka, akanijibu mbele ya Mwanaheri, "Kibovu hakipiti humu, mzee. Tieni hata kwa makusudi."

Mnamo tarehe 16 Machi, saa nne asubuhi, nilimwomba Mwanaheri atie kibovu: kilo moja isomeke mbili. Alisita. "Na kikipita, kaka Sheshe?" Nikamwambia muuzaji si tumemsikia. Akatia kote kuwili. Wa bure ukawasha nyekundu, ukagoma. Wa Yohane ukawasha kijani, na kabla hatujakaa sawa ulishakituma Mombo. Nilipopiga simu, mnunuzi alikuwa anapima viazi, gunia moja linasoma uzito wa mawili, naye ananitukana mimi na ukoo wangu.

Mwanaheri akaufungua mtambo mbele yangu. Sehemu ya kujaribu ilikuwa imezimwa tangu siku ulipofungwa. Tulipomuuliza Yohane, alisema aliizima ili uonekane mwepesi. Kisha akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alikuwa na askari, anamwonyesha Mwanaheri kwa kidole, eti ni mwizi wa mizani.

Watasema Sheshe anatetea ugali wake. Mtambo utakuja tu, na uwe ule wenye gubu. Mimi nitarudi kwenye pichesi. Ila wazo la kutia kibovu lilitoka kinywani mwangu. Afande, kama lazima mtu alale humu, baridi ya Lushoto mnaijua, nimekuja na blanketi.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote.
Sahihi: Sheshe R.

Nimeandika mimi, Koplo Saumu. Yohane ameagizwa asiondoke Lushoto na mtambo wake uletwe kituoni. Shahidi ameruhusiwa kwenda nyumbani, hajaenda. Blanketi limeingia mahabusu. Yeye yuko benchini.