Msichana Anayebaki Asubuhi

Jumatatu, 4 Mei 1953. Tororo.

Sijaandika tangu Pasaka. Kuliomba daftari radhi ni upuuzi. Hata hivyo naomba. Nimewahi kuwaadhibu wanafunzi kwa uvivu mdogo kuliko huu. Sababu ni uchovu, wala si nyingine.

Leo ilikuwa kama kila Jumatatu. Kufika ofisini mapema, kufuta meza, kusubiri kutumwa. Nimefundisha shule Tanga, nikafundisha askari kusoma wakati wa vita. Sasa nina mvi, na ninaitwa mwanafunzi. Chuo kimenileta hapa kwa mazoezi ya kazi ya ustawi wa jamii, upande wa kuwalinda watoto. Msimamizi wangu ni Bi. Achieng, mwenyeji wa Tororo, umri wa binti yangu mkubwa. Ananiita Mzee, kisha ananipa amri. Sijazoea.

Limekuja lalamiko kutoka Busia. Mjane mmoja hukusanya wasichana wasio wake kila jioni. Wengine huvuka kutoka upande wa Kenya. Mwenye duka aliyeleta habari anaapa kwamba wanauzwa, wanapakiwa kwenye malori kwenda Kisumu kuwa mayaya. Bi. Achieng alicheka. Bwana Afisa, Mzungu wetu, hakucheka. Nimepewa mimi nikachunguze.

Jumatano, 6 Mei. Busia.

Nimesafiri juu ya magunia ya chumvi. Suruali imeharibika.

Nyumba ya mjane ni ya udongo na nyasi, imefagiliwa vizuri kuliko ofisi yetu. Wasichana humwita Kukhu, yaani bibi, kwa Kisamia. Nilibisha hodi kwa heshima. Sauti ikatoka ndani: "Weye napiga mlango kama askari! Nani nakufa?" Nilieleza cheo changu. Nilimsomea maswali yangu yote kwa utaratibu. Hakujibu hata moja. Aliniuliza kama nimekula. Nilisema nimeshiba. Uongo.

Jua lilipoanza kuzama, wakaja. Wasichana wadogo, wawili wawili, huyu na kuni, yule na boga. Wakaamkia, wakaketi, wakaanza kutegana vitendawili na kuchekana kwa sauti. Hakuna lori. Hakuna mnunuzi.

Nimeelezwa na baba wa mmoja wao. Msichana akianza kukua, halali tena katika nyumba ya wazazi. Hulala kwa bibi. Asiyekuwa na bibi hulala kwa bibi wa jirani, na huko hufundishwa mambo ya kike. Mpaka wa Wazungu umekata mashamba ya ukoo mmoja katikati, kwa hiyo watoto huuvuka kwenda kulala. Kwetu Tanga sikupata kuona hivi. Desturi nzuri. Nimempa dereva wa lori la chumvi barua kwa Bwana Afisa: watoto wote wana kwao, hakuna kosa. Kazi imekwisha.

Alhamisi, 7 Mei. Busia.

Kazi haijaisha.

Nilikwenda asubuhi kuaga. Wasichana walikuwa wakitawanyika, kila mmoja akikimbilia kwao kuteka maji. Mmoja alibaki. Jina lake Nabwire, mwembamba, labda miaka tisa. Alifagia uwanja. Akanywa uji. Akaenda kupalilia wimbi pamoja na Kukhu. Nilirudi mchana kwa kisingizio cha kofia niliyosahau. Bado yupo.

Mbona haendi kwao? Swali limenikaa kichwani. Nimekula chakula cha jioni bila kujua nimekula nini.

Jumamosi, 9 Mei. Busia.

Bi. Achieng amefika kwa baiskeli, na habari mbaya. Bwana Afisa amepokea barua yangu. Ameamua hivi: kwa kuwa kila mtoto ana kwao, basi kila mtoto alale kwao, ili uvumi ukome. Kukhu aamriwe kuifunga nyumba yake kwa watoto wa watu. Laiti ningeagizwa jambo hilo siku nyingine, si leo, Nabwire akiwa bado kichwani mwangu.

Nilianza kumhoji Kukhu juu ya Nabwire. Bi. Achieng alinikatiza. "Mzee, hapa si mtihani. Kaa, kula kitu, watu watasema wenyewe." Nilikaa. Nilikula ugali wa wimbi na samaki mkavu. Kukhu akasema.

Mama wa Nabwire alikufa. Baba, Wandera, ni kibarua katika kiwanda cha saruji Tororo. Ameoa tena. Mke mpya alimnyima mtoto chakula, na mara moja akamfungia nje mvua ikinyesha usiku kucha. Kesho yake jioni Nabwire akaja na wenzake kulala. Asubuhi hakuondoka. Kukhu hakumuuliza. Hana undugu naye wa karibu wala wa mbali.

Ninashangaa bado. Desturi ile ile iliyompa mtoto pa kulala imemfichia baba aibu yake. Akiulizwa, hujibu kwamba bintiye yuko kwa bibi, kama wasichana wote. Usiku ni kweli. Mchana si kweli. Na hakuna apitaye mchana kuuliza.

Barua yangu ilisema ana kwao. Amri ikitekelezwa, atarudishwa kwa yule mwanamke, na nitakuwa nimemrudisha mimi. Nimeogopa.

Jumanne, 12 Mei. Tororo.

Nilimwambia Bwana Afisa kwamba barua yangu ilikosea. Alisikiliza kwa adabu. Amri ya kuifunga nyumba ameisimamisha. Lakini Nabwire, akasema, kama amefukuzwa kwao, basi apelekwe Kampala kwenye nyumba ya watoto. Kukhu si ndugu yake, sheria haimjui. Hakimu ataamua Jumatatu.

Kampala! Mtoto anajua Kisamia tu, na Kiswahili cha sokoni.

Jioni nilimngojea Wandera langoni pa kiwanda. Alitoka mweupe kwa vumbi, nyusi na kope. "Nani nasema nimefukuza mtoto? Nalala kwa bibi! Weye mtu wa pwani, nyumba yangu najua wapi?" Wenzake waligeuka kutazama. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama binti yake amerefuka.

Nilisema amerefuka.

Si mtu katili. Ni mwoga. Nilimweleza kwamba ushahidi wake unaweza kumbakiza binti yake Busia. Lakini itambidi aseme hadharani kilichotokea nyumbani mwake. Alipangusa uso, akaenda zake.

Ijumaa, 15 Mei. Tororo.

Nimeandika ripoti mara tatu. Nimependekeza Nabwire aachwe kwa Kukhu kwa amri ya mahakama, na Bi. Achieng awe akimtembelea mchana, si jioni. Bi. Achieng aliisoma akiwa amesimama. "Mzee, umeandika kama wewe ndiye hakimu." Sijui kama ni sifa. Aliongeza jina lake chini ya langu bila kuombwa.

Bwana Afisa hakubaliani nami. Amesema haijawahi kufanywa. Hata hivyo ataipeleka.

Wandera alikuja ofisini mchana. Alikaa kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Nilipotoka kumkaribisha, alikuwa ameondoka. Benchi lilikuwa na vumbi la saruji. Nimekasirika naye, na nimemhurumia, yote kwa pamoja.

Jumapili, 17 Mei. Busia.

Nimekuja kumweleza Kukhu yatakayokuwa kesho. Mvua ilikuwa imekatika. Nabwire alikuwa akichambua mboga mlangoni.

Aliniuliza, "Mwalimu, weye nalala kwa nani kule Tororo?"

Nilisema ninalala peke yangu. Alidhani ninatania, akacheka. Alipoona sitanii, akanitazama kwa huruma.

Kukhu alisikiliza habari ya hakimu na ya Kampala mpaka mwisho. Hakulia, wala hakulaumu. Alikuwa na swali moja tu: kesho jioni, watakapokuja wale wengine, amtandikie Nabwire au asimtandikie?

Nilimwambia amtandikie.

Sina mamlaka ya kusema hivyo. Nimesema. Hakimu akiisha kutamka, nitaandika hapa alilotamka, hata likiwa neno moja.