Somo, Nimeikataa Tumbaku ya Zuhura

Somo yangu Mwanajuma,

Barua zako zote kwa mwanao aliyeko Arabuni nilikuandikia mimi, na kila mara ulinilazimisha nianze na salamu za jirani, na za jirani wa jirani, mpaka ukurasa unajaa na habari yenyewe haijaanza. Nusura tumsalimie na mbuzi. Leo kalamu ni yangu, salamu nazikata. Wewe Kurani uliisoma ukaihitimu, lakini herufi zetu hizi ulisema zimelala kama kuku wagonjwa, hukuzitaka. Kwa hivyo ninaandika huku nikisoma kwa sauti, peke yangu hapa barazani, na mume wangu amepita mara mbili akinitazama. Mwache atazame.

Nina mawili ya kukwambia. La kwanza, nimeacha tumbaku. La pili, siri yako nimeitoa. Nimeyaweka mbele ili usije ukasema nilikuzungusha.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika nilikuwa nikipiga mswaki, nikahisi kitu ndani ya shavu la kushoto, pale pale ninapobana tumbaku. Nikachukua kioo nikatoka nacho juani, nikalivuta shavu kwa kidole. Palikuwa na doa jeupe lenye mikunjo, kama utando wa uji uliopoa. Halikuuma. Hilo ndilo lililonitisha, maana lako pia mwanzo halikuuma. Uliniita nyuma ya ua wako ukanionyesha mimi peke yangu, ukaniuliza ninaona nini, nikakwambia ninaona doa. Ukafunga mdomo. "Basi ushaona," ukasema. "Asijue mtu." Nikakuapia.

Na mtu hakujua. Mwaka mzima na zaidi nilikaa na neno lile. Doa likawa kidonda, ukasema ni jino. Ukaacha kula vya moto, ukasema ni jino. Shavu likavimba, binti yako Mishi akataka kukupeleka hospitali, ukamwambia mwanangu, si kitu, ni jino tu, kisha ukanigeuzia macho mimi. Nikaitikia. Mtoto uliyemzaa alikuamini kwa sababu mimi niliitikia. Somo, nina hasira nawe, na nina hasira zaidi na nafsi yangu.

Lakini ningefanyaje? Mwaka ule wa vurugu, sisi watu wa bara tulipokuwa tukitafutwa nyumba kwa nyumba, ulinifungia chumbani mwako na wanangu siku sita. Ukaketi mlangoni unashona makuti, na kila aliyekuja na panga ulimwambia humu ndani mna mzazi, amejifungua jana, mwanamume haingii. Wakaona haya, wakarudi. Wewe ulitunza siri yangu na roho zetu zimo ndani yake. Yako ningeitoaje?

Basi nikaenda Msambweni na doa langu. Daktari wa meno ni kijana, naye wa bara, akanimulika tochi, akakwaruza kidogo. "Mama, hii bado si kansa," akaniambia. "Lakini ukiendelea na hiyo tumbaku, mimi siwezi kukuahidi kitu." Nikamwomba dawa. Akasema dawa ni kuacha, na kuacha kuna njia mbili. Ya kwanza, unakata siku moja, basi. Ya pili, unatumia chingamu maalumu iliyotiwa nikotini, ile ile inayokushika kwenye tumbaku, halafu unaipunguza kidogo kidogo mpaka mwili usahau. Hiyo, akasema, labda niitafute Mombasa.

Najua ungemcheka. "Tumbaku haiagwi, hukatwa," hiyo ndiyo ilikuwa kauli yako kila Ramadhani, na ulijisifu kwamba wewe waiacha mwezi mzima kila mwaka. Mchana, somo. Mchana tu. Adhana ya magharibi ikilia, mkono huu una tende na mkono huu una kijaluba cha tumbaku, hata tende haijamezwa kifuniko kishafunguliwa.

Hata hivyo nilikufuata. Nikamwaga tumbaku yangu chooni nikaanza. Siku ya kwanza kichwa kiliniuma kama kinapasuka. Siku ya pili nilimfokea mume wangu kwa kosa la kukohoa. Siku ya tatu mikono haikuwa yangu tena. Makuti yote niliyoshona siku ile yalilegea, ukiinua moja majani yanachomoka kijitini, na fundi wa paa akayarudisha akiuliza yameshonwa na mtu ama yamechakurwa na kuku. Wenzangu wakacheka. Mimi nikalia, mtu mzima na watoto wangu, nalilia makuti.

Siku ya tano ikawa arubaini yako.

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana haya yametokea wewe haupo. Ulipofariki watu walitafuta mkono wa mtu, na mkono walioupata ni wa Zuhura. Zuhura jirani yako, aliyekaa nawe mkeka mmoja miaka yote hiyo mkikatiana tumbaku! Wakasema alikutilia kitu humo. Hakuna aliyemwambia usoni, ila kijaluba chake kikawa kinazunguka mkeka mzima na kumrudia vile vile kilivyotoka. Nawe wajua hapa kwetu kuikataa tumbaku ya mwenzio mnaposhona maana yake nini. Ama mmegombana, ama wamwogopa.

Kisomo kilipokwisha, wanawake tukabaki mkekani. Zuhura akafungua kijaluba, akaninyooshea mimi wa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye somo yako. Nikasema, "Ahsante, situmii." Mkono wa Zuhura ukabaki pale pale.

"Kwani tumbaku yangu ina nini, Mama Ndunge?"

Hakuuliza kwa ukali. Sauti yenyewe ilikuwa ya mtu aliyechoka. Mishi alikuwa amesimama na sinia la vikombe, ananitazama nitajibu nini, na jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa lako. Nikanyoosha mkono, nikachukua kipande, nikakibana shavuni juu ya lile doa ili watu waone kwamba simwogopi. Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Nilirudi nyumbani nimeshindwa, na kesho yake nilinunua yangu.

Wiki mbili baadaye Ndunge wangu akaja na paketi nne za ile chingamu. Unakumbuka anafua mashuka hotelini kule Galu, na tangu zile vurugu wageni wamekuwa haba, kwa hivyo hao wachache waliopo huzungumza na kila mtu. Mmoja, bibi wa Kijerumani anayeacha sigara, alisikia habari zangu kwake, akamwachia alipoondoka. Nikaziweka kabatini. Kila nikizitazama nakusikia wewe: huko si kuacha, huko ni kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile.

Zikakaa siku tisa. Siku ya kumi nikajiuliza, huyu anayenicheka yuko wapi? Yuko kaburini pamoja na kauli yake. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyowaza. Tena nikakumbuka kwamba wewe mwenyewe uliikata mara tatu baada ya kuliona doa, na mara ya mwisho ulifika siku nane. Ulipoirudia ulijificha hata mimi, ukawa unabwia chooni kama mtoto aliyeiba sukari. Aibu ya kushindwa ilikuuma kuliko kidonda. Kama angetokea mtu akakupa kitu cha kushikia usianguke, nawe ukakipokea bila kuona haya, labda leo tungekuwa tunagombana ana kwa ana.

Nikazipeleka kwa daktari akasoma karatasi ya Kiingereza iliyomo paketini, akanieleza, nikaitikia ndiyo ndiyo bila kusikia. Nikafika nyumbani nikaitafuna moja mbio mbio kama mtoto wa shule. Koo likawaka pilipili, kwikwi ikanishika tangu adhuhuri hadi Ndunge alipotoka kazini akanisomea ile karatasi upya. Kumbe unatafuna kidogo tu, ikianza kuwasha unaibana shavuni unaiacha itulie, ikipoa unatafuna tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Si ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe, mwaka ule jino liliponitesa ukanitilia tumbaku kinywani kwa mara ya kwanza? Niliitafuna kwa pupa, ukanipiga kofi la bega. "Watafuna kama mbuzi! Ibane, iache ifanye kazi yake." Basi nikaibana, ila shavu la kulia, la kushoto nikalipa likizo. Na ikafanya kazi. Kichwa hakikupasuka, mikono ikanirudia, mume wangu akakohoa kwa amani.

Nilianza na kumi kwa siku. Sasa natumia tatu, nazikata nusu kwa kisu cha jikoni. Leo ni siku ya hamsini na mbili jani la tumbaku halijaingia kinywani mwangu. Ukiona nusu hizo si kuacha, nione hivyo hivyo. Mimi najua ninakokwenda.

Lakini kuacha tumbaku kumbe ndiyo kazi ndogo. Kazi ilikuwa mkeka. Nilianza kushonea nyumbani nisipate kukaribishwa tumbaku, nikidhani nimepata dawa, kumbe nazidi kumchimbia Zuhura shimo. Watu wakasema hata Mama Ndunge amemkimbia. Watoto wakakatazwa kunywa maji kwake. Mwishowe nikasikia kisimani kwamba kuna wazee wanataka apelekwe kwa mganga akale kiapo, mbele ya watu, athibitishe kwamba hakukuua. Zuhura, somo! Yule aliyekukoroga uji mwembamba uliposhindwa kumeza, akakunywesha kwa kijiko.

Nililala nayo siku mbili. Jumamosi nikaenda mkekani.

Nilikuta Zuhura amekaa pembeni, nyuma ya majani yake, kijaluba kimefungwa. Siku hizi hakaribishi tena. Nikamwomba akifungue anikaribishe. Akasita, akafungua, akaninyooshea bila kuniangalia. Nikaikataa. Nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote: "Siichukui. Na ya Mishi siichukui, na yangu mwenyewe nimeimwaga." Kisha nikalivuta shavu langu nje kwa kidole, nikawaambia waje watazame, mmoja mmoja, walione. Walipokwisha kuona, nikawaambia kwamba somo alikuwa nalo hili hili, mahali hapa hapa, mwaka mzima kabla shavu halijavimba. Nililiona kwa macho yangu. Alinikataza nisiseme, nikanyamaza. Hakulishwa kitu na mtu. Ni tumbaku, ni yake mwenyewe, na ni kimya changu.

Nimelisema, somo. Nililiapia kwako nikalivunja mchana kweupe mbele ya wanawake kumi na moja.

Zuhura alijifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Mishi aliinuka akaondoka, akaacha kuti lake halijafika nusu. Siku tatu hakunisalimia. Nilipita mbele ya nyumba yenu nikamwona anafagia, akanigeuzia mgongo. Nikajiambia basi, nimemwokoa Zuhura nimempoteza mwanao, na sikuwa na wa kumlaumu. Wale wazee, nasikia, wameacha maneno ya kiapo.

Leo asubuhi, sijawasha hata moto, Mishi akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulijua."

"Nilijua."

Nilingoja anitukane, na Mungu ni shahidi yangu, ningeyapokea yote. Badala yake akashuka akaketi kwenye ngazi ya baraza, akaligeukia jua, akafungua mdomo na kulivuta shavu kwa kidole. Anabwia tangu ana miaka kumi na sita, kijaluba cha kwanza ulimpa wewe. Nikapiga magoti mbele yake nikatazama. Lipo, somo. Ni dogo, halijafika ukubwa wa ukucha wa mtoto, lakini lipo. Sikumficha. Nilimwambia lilipo, na rangi yake, na kwamba lako lilianza vivyo hivyo. Akaniegemea begani tukalia wote wawili, kilio chako ambacho hatukukilia pamoja siku ya maziko.

Kesho alfajiri tunakwenda Msambweni. Zuhura amesema atawapikia watoto. Paketi moja ya chingamu nimemwekea Mishi kando, daktari akikubali. Akitaka kukata mara moja kama mama yake, akate, nami nitakaa naye siku hizo mbaya zote, na akianguka siku ya tano au ya nane sitamwacha ajifiche. Langu mwenyewe limefifia kidogo, halijaondoka. Nitarudi kutazamwa kila nitakapoitwa.

Kama umenikasirikia kwa kuvunja kiapo, kaa na hasira zako mpaka tukutane, tutazimaliza sisi wawili. Lakini nakuahidi hili. Tumbaku haitaingia tena kinywani mwangu, hata nikikaribishwa na nani, na kila asubuhi nitamtazama mwanao shavu lake mpaka achoke nami.

Lala salama, somo yangu. Mishi usimngoje huko. Nitahakikisha anachelewa sana.

Wako,
Mama Ndunge