Mshipi Utaitwa Mshipi

Fittja, Mei 1986

Dada yangu Mwanaidi,

Alhamisi mwalimu wa Zuhura aliniita shuleni. Kwa upole kabisa akanishauri niache kusema Kiswahili na mwanao nyumbani, eti kinamchelewesha kujua Kiswidi. Nikamwambia hapana. Akadhani sijaelewa, akarudia polepole. Nami nikarudia hapana, polepole vilevile.

Unazikumbuka Jumapili zetu ziwani, kabla ya maradhi? Wenzetu na fimbo zao za kuvulia, sisi na mshipi uliozungushwa kwenye kibao kama tulivyozoea Tanga, uzi juu ya kidole. Walitutazama kama wezi. Mimi na papara zangu, samaki akigusa tu navuta. Wewe ukinizuia: "Usivute, mdogo wangu. Anaonja." Zuhura, miaka minne, kakaa katikati yetu anakula mkate.

Siku moja tulikwenda na Nuala, yule Mwairishi tuliyefanya naye usafi uwanja wa ndege. Alipokiona kibao alifurahi kama mtoto. Babake alivua hivyohivyo, na kwao mshipi ni dorú. Mzee wa Kiswidi jirani yetu akageuka: yeye huuita dörj! Nuala akatueleza kwamba watu wa huku kaskazini ndio waliolipeleka neno lile Ayalandi, zaidi ya miaka elfu iliyopita.

"Wenyewe walikwisha," alisema, "neno tukabaki nalo."

Ukanikonyeza. "Basi na sisi tumeleta letu."

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka mbele ya mwalimu. Watu wa huku walivuka bahari na maneno yao, wakayaacha midomoni mwa wenyeji. Leo mimi niyavue ya kwangu mlangoni kama viatu? Thubutu!

Lakini sikufichi, dada, niliogopa. Tangu utuache, miaka miwili sasa, Zuhura hunijibu Kiswidi tu. Nimekuwa nikisema peke yangu jikoni kama redio. Niliogopa kwamba nimekupoteza mara ya pili.

Jana nilimpeleka ziwani na kibao chako. Samaki akagusa, papara zikanipanda. Mkono mdogo ukanishika.

"Usivute, mama mdogo. Anaonja."

Nililia mbele ya wote wale na fimbo zao. Samaki tulimkosa.

Mwalimu na aniite tena. Safari hii nitakwenda na Zuhura, ajibu mwenyewe.

Pumzika, dada. Huku hatujanyamaza.

Mdogo wako